Mtoto wa Nyoka Kizimbani

Maneno haya niliyasema Ilala, Dar es Salaam, baada ya kuonyeshwa filamu ya Awaara. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wa Ilala, wa Buguruni, na ninyi mliopanda daladala mbili kutoka Mbagala, asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Vijana, hamjambo. Ahsanteni kwa kukaa karibu saa tatu kwenye viti vya plastiki, na wengine mmesimama kule nyuma muda wote. Taa zilipowashwa nimewaona waliokuwa wakifuta macho kwa pindo la kanga. Mimi nilikuwa mmoja wao, na filamu hii naijua tangu nikiwa na miaka 11.

Mwenyeji wetu ameniomba nieleze kwa nini nimeichagua hii, wakati kuna filamu nyingi za uhalifu zenye mbio za magari na bastola. Nitajaribu. Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo hapa mjini kwa miaka 31, kwa hiyo nitaieleza kama karani anavyoiona.

Filamu hii ilitoka mwaka 1951 huko Bombay. Raj Kapoor ndiye aliyeiongoza, na ndiye yule kijana mnayemwona akirandaranda mitaani na suruali fupi na kofia iliyokaa upande. Alikuwa bado hajafika miaka 30. Hadithi ni ya K. A. Abbas. Neno lenyewe, awaara, kwetu tungesema mzururaji. Ilizunguka dunia: kwenye tamasha la Cannes mwaka 1953 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizoshindanishwa, na mwaka uliofuata Warusi waliijaza majumba yao ya sinema kwa mamilioni. Hapa Dar, enzi za Avalon, Empire, Odeon, Empress na New Chox, picha za Kihindi ndizo zilizotutoa nyumbani Jumapili, na hii ilikuwa ikirudishwa kila baada ya miaka michache. Watu wasiojua Kihindi hata neno la kuombea maji walikuwa wakiuimba wimbo wake barabarani.

Sasa tuingie mahakamani, maana filamu yenyewe inaanzia huko. Kijana, jina lake Raj, amesimama kizimbani kwa kosa la kutaka kumuua jaji. Hana wakili. Anainuka binti mmoja, Rita, ambaye amelelewa na jaji huyohuyo kama mwanawe wa kumzaa, anasema yeye ndiye atakayemtetea mshtakiwa. Anamwita mlezi wake atoe ushahidi na kuanza kumuuliza maswali. Anamuuliza kama aliwahi kuoa. Anamuuliza mkewe yuko wapi. Mzee anababaika. Hapo ndipo tunarudishwa nyuma miaka zaidi ya 20, na kila kilichofukiwa kinaanza kufukuliwa.

Mmeona kilichofukiwa. Jaji Raghunath, alipokuwa bado kijana, alimhukumu mtu anayeitwa Jagga. Ushahidi haukuwa wa maana. Uzito wote ulikuwa kwenye ukoo: baba yake Jagga alikuwa mhalifu, babu yake mhalifu, basi na huyu atakuwa hivyohivyo. Jaji aliamini kwamba mwema huzaa mwema na mwizi huzaa mwizi. Sisi hatuhitaji mkalimani hapo. Tuna maneno yetu yaliyo tayari, tunayatamka bila kufikiri: mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimeyasikia kwenye korido za mahakama kutoka kwa walalamikaji, kutoka kwa mgambo, na siku moja kutoka kwa mama mzazi wa mshtakiwa mwenyewe, akimsema marehemu mumewe kupitia mtoto.

Jagga hakuwa na hatia. Naomba tulikumbuke hilo, kwa sababu filamu ikishasonga mbele tunalisahau. Yule jambazi wa kutisha mwenye kisu hakuwepo siku ya hukumu ya kwanza. Aliyekuwepo ni mtu tu aliyekuwa na baba mbaya. Jambazi alizaliwa na hukumu. Nikiitazama filamu hii utu uzima, nagundua kwamba Raj amepata mtetezi mzuri mwenye joho jeusi na sauti isiyotetemeka, lakini Jagga hakupata mtetezi mwanzo, wala hakupata mwisho, na hakuna hata mmoja wetu hapa aliyemlilia.

Jagga akalipiza. Alimteka Leela, mke wa jaji, na alipojua kwamba ni mjamzito akamrudisha baada ya siku nne. Hakuhitaji kufanya zaidi ya hapo. Aliujua mdomo wa mtaa utamalizia kazi. Na ukamalizia. Minong'ono ikaanza: siku nne na majambazi, halafu mimba. Jaji akasikiliza minong'ono ile, akamtoa mkewe nje usiku wa mvua, uchungu umeshamshika, na mtoto akazaliwa njiani.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yangu.

Katika mahakama ya mwanzo, mshtakiwa akiletwa, anasomewa hati ya mashtaka kwa Kiswahili, taratibu, mpaka aielewe. Kisha anaulizwa: ni kweli au si kweli? Jibu lake linaandikwa kama alivyolisema. Hakimu yupo, enzi zangu na wazee wa baraza pembeni yake, na hakuna anayeruka hatua hiyo. Katika miaka 31 nimeona wameletwa walevi, wapiga kondakta, wezi wa nazi. Nakumbuka kijana mmoja aliletwa na kuku mwenyewe kama kielelezo, amefungwa miguu kwa uzi wa katani, analia chini ya meza yangu. Kila mtu mle ndani alijua kijana ameiba. Bado akaulizwa. Alikaa kimya, akamtazama kuku, akasema, "Ni kweli, lakini naomba nieleze." Akaeleza.

Mke wa jaji hakupewa kile alichopewa mwizi wa kuku. Raghunath, msomi wa sheria, mtu ambaye kazi yake kila siku ni kusikiliza pande mbili, aliingia nyumbani kwake na kuhukumu bila kuuliza. Hakumuuliza mkewe ujauzito una miezi mingapi. Jawabu lingemtosha, kwa sababu mimba ilikuwa yake.

Ndiyo maana watu wanaponiambia hii ni filamu ya kijana mwenye siri, mwizi anayejifanya mfanyabiashara mbele ya mama yake, mimi nasema siri ya Raj ni ndogo. Tena yeye mwenyewe inamuumiza. Siri kubwa inakaa kwenye nyumba kubwa, imevaa suti, inaheshimiwa mjini. Raghunath amejenga maisha mazima juu ya swali moja ambalo hakuliuliza.

Kuna kitu kimoja ambacho naomba mkienda nyumbani mkikumbuke. Ni kile kisanduku. Siku ya kuzaliwa ya Rita, Raj hana zawadi wala pesa. Anamnyang'anya bwana mmoja mkufu barabarani. Hajui kwamba bwana yule ni jaji, na mkufu ule alikuwa ameununulia Rita. Usiku, kwenye sherehe, Raj anamvalisha Rita mkufu usio na kisanduku. Jaji anamkabidhi Rita kisanduku kisicho na mkufu. Itazameni sura ya Rita wakati huo. Viwili vile ni kitu kimoja kilichogawanyika, na binti ndiye wa kwanza kuviunganisha. Baba na mwana wamesimama chumba kimoja, kila mmoja ameshika nusu, na wote wawili hawajui wanachokishika.

Na wale waliokuwa wakiigiza, nadhani wengi hamkujua: Raghunath ni Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Yule mtoto anayeigiza Raj wa utotoni ni Shashi, mdogo wake wa tumbo moja. Hata babu yao anaonekana mahali fulani, amekaa kwenye kiti cha jaji. Kwa hiyo unapomwona mzee anamtazama kijana kwa dharau akitaka kujua ni mtoto wa nani, nyuso zao tayari zimeshajibu. Sisi watazamaji tunaliona jibu. Mzee halioni.

Sasa mtoto. Leela alitaka Raj awe wakili, kisha jaji, kama baba ambaye hakumtaja. Wakaishi kibandani, mtaro unapita mlangoni. Raj akawa anapiga watu viatu kiwi ili asome, kazi ikamchelewesha shule, shule ikamfukuza. Mama akaugua, ndani hamna kitu, mtoto akaiba mkate. Akafungwa. Na huko ndani analetewa mkate bila kuuomba. Anautazama na kusema, kwa maneno yake, kwamba mkate huu angeupata huko nje asingekuwa hapa. Nimeshawaona watoto wa mkate ule. Hapa kwetu sheria ya makosa ya jinai inasema mtoto chini ya miaka 10 hawezi kushtakiwa, na kuanzia 10 hadi kabla ya 12 mpaka ithibitike alielewa alichokifanya. Kuna mahakama ya watoto Kisutu, kuna mahabusu yao Upanga, kuna shule ya maadilisho Irambo kule Mbeya. Haya Raj hakuwa nayo, na ni mambo mema. Lakini sheria inamwona mtoto akishafika kituoni. Mtaa unamwona mapema zaidi, akiwa bado na njaa tu, na mtaani anayewahi kumwona mara nyingi ni Jagga.

Jagga ndiye aliyemlea. Alimpa chakula, alimpa kazi, alimpa jina la mwanaume. Kila jina la Panya Road, yale makundi ya vijana wenye mapanga, linapovuma hapa mjini, tunauliza hawa ni watoto wa nani. Ningependa tuulize pia ni nani aliyewapa chakula cha mwisho kabla hawajashika panga.

Na hili neno mzururaji, wazee mlioko hapa mnalijua kwa uchungu. Mwaka 1983, nikiwa karani mpya, ilikuja Nguvu Kazi. Asiye na kazi ya kuonyesha alikamatwa mjini na kupelekwa mashambani akazalishe. Nchi ilikuwa na shida, unga wa foleni, sabuni ya foleni, sitaki kujifanya nimesahau. Lakini nilikuwa naandika majina. Mwanaume amesimama mbele yangu na tufe la nyuzi na shazia, anashona viatu chini ya mwembe miaka sita, anaandikwa hana kazi kwa sababu hana karatasi inayosema anayo. Wakoloni nao walikuwa na sheria yao ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mjini Waafrika wasiotakiwa. Kwa hiyo wimbo wa mzururaji ulipopigwa Dar es Salaam, uliimbwa na watu waliolijua neno lile kwa miili yao.

Mniwie radhi, sasa nataka kusema jambo la nyumbani kwangu. Nimemwahidi mwenyeji wetu nitalisema.

Mwaka 1969 mama yangu alinipeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu alikuwa na daftari kubwa lenye safu. Jina la mtoto, mama akasema. Jina la baba. Mama akanyamaza. Mwalimu akauliza tena, kwa sauti ya kusikika na foleni nzima. Mama akaangalia chini. Mwalimu akachora kistari kwenye ile nafasi, kirefu, kwa wino mwekundu. Miaka saba kistari kile kilinifuata. Daftari la mahudhurio likifunguliwa, watoto waliokaa dawati la mbele walikuwa wanakiona.

Mwaka 1972 jirani yetu alitupeleka sinema mjini. Alikuwa akifanya kazi ya kufua nguo kwenye nyumba za Wahindi Upanga, Kihindi anakielewa, akawa anatutafsiria kwa sauti ya chini, mpaka watu wa viti vya mbele wakawa wanageuka wamsikilize. Leela alipotupwa nje mvuani, mama akanishika kifundo cha mkono. Hakuniachia mpaka picha ikaisha. Tulirudi Ilala kwa miguu, usiku. Karibu na Mnazi Mmoja akasema neno moja tu: "Yule mama angemwambia mwanawe mapema."

Nikangoja aendelee. Hakuendelea.

Watu wa pwani wana msemo ambao naupenda kuliko yote katika jambo hili: kitanda hakizai haramu. Mtoto akishazaliwa, hana kosa, hana jina chafu, ni mtoto wa nyumba. Ni jawabu kamili kwa Raghunath na kwa ule msemo wa nyoka. Ulinilinda mimi. Bibi yangu aliusema mlangoni kwake mwaka 1961, mama aliporudi na mimba, na mlango ukafunguliwa. Lakini nimeona pia, mahakamani na nyumbani, jinsi msemo huohuo unavyotumiwa kama kifuniko cha sufuria. Mtoto ni wetu, basi asiulize. Shauri la matunzo likija, ndugu wanavuta kanga ya mama wanamwambia aache, kitanda hakizai haramu, na mwanaume anaondoka kwa amani akiwa na shati lililopigwa pasi. Huko siko msemo ulikotaka kutufikisha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ana haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake waliomzaa. Siku hizi ukiwa na mashaka kuna Mkemia Mkuu wa Serikali na vipimo vya vinasaba. Kijana mmoja ameniuliza wakati wa mapumziko: bibi, kama Raghunath angekuwa na kipimo kile, si filamu ingeishia nusu saa? Nimelifikiria swali lako, mwanangu. Sidhani. Ili apime alitakiwa kwanza akubali kwamba huenda amekosea, na mtu wa namna ile alikuwa hajafika hapo. Pia kuna jambo linalonisumbua: filamu inamfanya Raj awe damu ya jaji kweli. Inapendeza, machozi yanatoka. Lakini je, angekuwa wa Jagga? Mkate asingestahili? Leela asingestahili kufunguliwa mlango? Abbas na Raj Kapoor walikuwa na ujasiri wa kumpandisha kizimbani mtoto wa nyoka, kisha mwishoni wakatuambia hakuwa wa nyoka. Naipenda filamu hii kwa moyo wote, na hapo nabishana nayo mpaka leo.

Mnakumbuka Leela alivyokwenda. Alikuwa njiani kuelekea mahakamani kumtolea ushahidi mwanawe katika kesi iliyotangulia, ya kumuua Jagga, akaliona gari la mumewe, akalikimbilia, akaumia palepale. Siri ikamtoka akiwa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji, kwa mwanawe aliyefungwa. Jaji naye alichelewa. Alikuja kumwita Raj mwanangu akiwa nyuma ya nondo, na kijana akaenda kutumikia miaka yake mitatu.

Mwaka 2010 nilihitaji cheti cha kuzaliwa. Miaka yote nilikuwa nimejipitisha kwa jina la mjomba. Nikamwambia mama nakwenda kwenye Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA. Akasema, "Jina la yule binti." Nilidhani hakumbuki. Akavaa gauni lake la sikukuu na viatu vya kufunga, akasema anakuja na mimi.

Tulikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Zamu yetu ilipofika, kijana wa dirishani, mpole, mdogo kuliko mwanangu, akawa anajaza fomu huku akiuliza. Jina lako. Mahali pa kuzaliwa. Jina la mama, mama akalitaja. Jina la baba.

Mimi nikafungua mdomo nitaje jina la mjomba. Mama akaweka mkono juu ya mkono wangu, kwenye kifundo, palepale pa mwaka 1972, akasema majina matatu, moja baada ya jingine, kwa sauti ya mtu aliyeyafanyia mazoezi. Nilikuwa na miaka 49. Sikuwahi kuyasikia.

Kijana akaandika. Mama akamwomba amsomee alichokiandika. Akasoma. Mama akasema herufi moja imekosewa, ni L, si R. Kijana akachukua fomu mpya, akaanza upya tangu mwanzo, na alipofika kwenye ile nafasi mama akamwomba amsomee tena.